Tarehe Ambayo Baraza la Wanafunzi Halijaambiwa

Ukumbi umekodiwa, fulana zimechapishwa, mgeni rasmi amechelewa saa 2. Wanafunzi wa sekondari wanasoma risala, risala inapigiwa makofi, mapendekezo yanakabidhiwa ndani ya bahasha kubwa, kisha picha ya pamoja. Miezi 6 baadaye ukiuliza bahasha iko wapi, hakuna ajuaye, na wala hakuna aliyeificha. Ilimfikia mtu asiye na saini juu ya jambo lililoombwa, bajeti ya mwaka ikiwa imeshapita, na ndani yake hamkuwa na neno lolote la kumlazimu mtu kujibu.

Hivyo ndivyo vijana wanavyoshirikishwa katika uongozi na sera mahali pengi, na jambo lisipozaa matunda lawama huwaangukia wao: hawajiamini, hawajui kujieleza, wafundishwe zaidi. Basi fedha zinaongezwa kwenye mafunzo ya kuzungumza mbele ya watu. Naona tatizo limekaa kwingine. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kueleza kero ya shule yake vizuri kuliko mshauri anayelipwa kwa siku. Asichokijua, kwa kuwa hakuna aliyemwambia, ni siku ambayo uamuzi hufungwa, cheo cha anayeufunga, na kifungu cha fedha kinachoulipia.

Mikataba ya kimataifa imelisema hili waziwazi kuliko inavyonukuliwa. Kifungu cha 12 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 kina nusu mbili. Kwanza, mtoto mwenye uwezo wa kuwa na maoni yake ana haki ya kuyatoa katika mambo yote yanayomhusu. Pili, maoni hayo yapewe uzito kulingana na umri na upevu wake. Kwenye hafla husomwa nusu ya kwanza. Kamati inayosimamia mkataba huo ilitoa ufafanuzi mwaka 2009, Maoni ya Jumla Namba 12, ikaeleza kwamba mwenye kuamua anapaswa kumrudia mtoto na kumwambia uamuzi ulikuwa upi na maoni yake yalizingatiwa vipi. Laura Lundy, msomi wa sheria za watoto mjini Belfast, Ireland ya Kaskazini, alikuwa ameshaligawa suala hilo mwaka 2007 katika mambo manne: nafasi ya kusema, sauti yenyewe, hadhira inayosikiliza na ushawishi juu ya uamuzi. Ukipima miradi mingi kwa kipimo hicho, utakuta mawili ya kwanza yamefadhiliwa vizuri na mawili ya mwisho hayana hata mstari kwenye bajeti ya mradi. Roger Hart, mtafiti wa maisha ya watoto, naye katika kijitabu alichoiandikia UNICEF mwaka 1992, alichora ngazi yenye vipago 8, na vipago 3 vya chini hakuvihesabu kuwa ushiriki kabisa: mtoto kutumiwa, mtoto kuwa pambo, mtoto kuwepo kwa jina tu. Fulana na picha ya pamoja viko hapo chini.

Sasa tuje kwenye kalenda, maana ndiko jahazi linakozama.

Bajeti ya umma haiandikwi siku inayosomwa. Miezi mingi kabla, idara hupewa ukomo wa fedha, huandika makadirio, makadirio hujadiliwa na kamati, rasimu hutolewa, ndipo kikao kikuu kinapiga kura. Kadiri siku zinavyokwenda, nafasi ya kuingiza jambo jipya inapungua. Kikao cha kukusanya maoni ya wananchi, ambacho ndicho wanafunzi hualikwa, mara nyingi huja rasimu ikiwa tayari, na hapo cha kubadilisha ni kidogo. Baraza la wanafunzi nalo lina mwaka wake. Muhula wa kwanza huishia kwenye uchaguzi na kuapishwa. Wa pili huenda kwenye semina. Wa tatu ni wa mitihani, na kidato cha mwisho huwa hakionekani tena. Kalenda hizi mbili hupishana barabarani bila hata kusalimiana.

Dawa yake ni kazi ya karatasi moja. Chora visanduku 12 vya miezi katika mistari miwili, wa juu wa halmashauri au wizara, wa chini wa shule. Tia alama mwezi wa kura ya bajeti, kisha hesabu kurudi nyuma. Tuseme makadirio ya idara hufungwa miezi 3 kabla ya kura. Waraka wa wanafunzi uwe mezani kwa mkuu wa idara mwezi wa 4 kabla ya kura, ili apate wiki chache za kuuliza maswali. Takwimu zikusanywe mwezi wa 6 na wa 5, kwa hesabu hiyohiyo ya kurudi nyuma. Hoja ichaguliwe mwezi wa 7. Kwa hiyo wajumbe wawe wameshapatikana mwezi wa 8. Shule nyingi zikifanya hesabu hii zitagundua kwamba uchaguzi wao wa viongozi wa wanafunzi uko mahali pabaya katika mwaka, na kuusogeza kwa muhula mmoja hakugharimu chochote.

Kuchagua hoja ndiko watu wazima huharibu zaidi, tena kwa nia njema. Wanafunzi wanaletewa mada kubwa kama ajira kwa vijana, mabadiliko ya tabianchi, mustakabali wa taifa. Mada hizo zinapendwa kwa sababu hakuna aliyemo ukumbini anayeweza kuulizwa amezifanyia nini. Hoja inayofaa hupita maswali 3: nani anaweka saini, lini, na fedha inatoka kifungu gani? Ikikwama kwenye swali lolote, ipunguzwe mpaka ipite. Usalama barabarani ni mada kubwa, ila kivuko cha waenda kwa miguu mbele ya lango la shule ni hoja. Usipunguze kupita kiasi pia. Baraza linalojadili saa za maktaba na rangi ya soksi tu linajifunza kuomba ruhusa kwa mkuu wa shule, na uongozi wa umma unabaki nje ya uzio. Ngazi nzuri ya kuanzia ni ile iliyo juu ya mkuu wa shule kwa hatua moja au mbili: bodi, halmashauri, idara ya maji au ya barabara. Mitaala na mitihani huamuliwa mbali zaidi, na huhitaji shule nyingi zikisema jambo moja kwa pamoja.

Tuchukue vyoo, hoja isiyopendeza kwenye risala lakini yenye kipimo kinachojulikana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 kuhusu maji na usafi katika shule zenye uwezo mdogo unataka tundu 1 kwa wasichana 25, na kwa wavulana tundu 1 pamoja na sehemu ya kukojolea kwa kila 50. Shule yenye wasichana 400 inahitaji matundu 16. Tuseme yaliyojengwa ni 12. Mtu mwenye haraka ataandika upungufu ni 4 na kufunga daftari. Timu makini itapita mlango kwa mlango kuangalia kama unafungika kwa ndani, kama maji yapo, kama mna mwanga, kama pana pa kutupia taulo za kike. Itapita mara 3 kwa siku, kabla ya vipindi, wakati wa mapumziko na baada ya masomo, kwa siku 5, kwa sababu tundu lenye maji asubuhi linaweza kuwa kavu saa 4. Upande wa wasichana wahesabu wasichana. Wakikuta yanayotumika kweli ni 9, upungufu si 4 tena, ni 7, na umegawanyika katika matengenezo ya matundu 3 na ujenzi wa matundu 4 mapya.

Mgawanyo huo ndio unaoamua kama waraka utasonga au utazunguka ofisini. Matengenezo hulipwa kutoka matumizi ya kawaida, ujenzi kutoka fedha za maendeleo. Mara nyingi mafungu haya mawili yana watu tofauti na tarehe tofauti. Ombi linaloyachanganya hutumwa huku, likarudishwa kule, mpaka mwaka unaisha. Yaandikwe maombi mawili. Mji wa Boston, Marekani, ulipoanza mwaka 2014 kuwapa vijana wa miaka 12 hadi 25 dola milioni 1 wazipangie matumizi kwa kura, fedha hizo zilikuwa za maendeleo, maana yake za vitu vya kudumu kama majengo na vifaa. Pendekezo la kumlipa mtu mshahara, hata liwe zuri namna gani, halikuwa na mahali pa kuingia. Vijana wakielezwa mpaka huo siku ya kwanza wanabuni ndani yake. Wakielezwa siku ya mwisho wanahisi wametapeliwa, na hawakosei.

Dodoso nalo lina mitego yake. Swali kama "Je, unakubali kwamba vyoo vyetu ni vibaya?" limeshajijibu. Uliza badala yake: "Jana, tangu ufike shuleni hadi uondoke, ulikwenda chooni mara ngapi? Kama hukwenda, kwa nini?" Wa kuulizwa wasiwe viranja na marafiki wa wanaouliza. Katika shule ya wanafunzi 600, chukua orodha ya mahudhurio na umchague kila wa 10, anzia namba iliyopatikana kwa kura kati ya 1 na 10. Watapatikana 60. Majina yasiandikwe kwenye fomu. Kisha, tafadhali, asiandike mtu "asilimia 61.67". Aandike "wanafunzi 37 kati ya 60". Ofisa wa mipango akiona desimali mbili kwenye watu 60 anajua anashughulika na watu waliobeba kikokotoo tu.

Waraka wenyewe ujae ukurasa 1, mwingine uwe kiambatisho cha takwimu. Sentensi ya kwanza ni ombi, salamu za kumtukuza mheshimiwa zipunguzwe. Mfano: "Tunaomba kamati iingize katika makadirio ya mwaka ujao ujenzi wa matundu 4 ya vyoo vya wasichana katika shule yetu, na itujibu kwa maandishi ndani ya siku 30." Zifuate takwimu 3 zisizozidi, gharama iliyokisiwa na fundi au mhandisi wa idara yenyewe, kisha jina la cheo kinachoombwa kuamua. Nakala ipigwe muhuri wa kupokelewa. Wengi hudharau muhuri huo, lakini bila muhuri siku 30 hazianzi kuhesabika.

Ndani ya kikao, idadi ina maana. Mwanafunzi mmoja kati ya watu wazima 14 hatasema kitu, hata awe bingwa wa midahalo, na ukimya wake utaandikwa kwenye muhtasari kuwa ameridhia. Waende 3 au 4, na mmoja wao awe ameshahudhuria kikao kilichopita. Makabrasha yawafikie siku 7 kabla, vifupisho vikiwa vimefafanuliwa. Hoja yao iwekwe juu kwenye ajenda, isisubiri mengineyo, wakati wajumbe wanatazama saa na akidi inapungua. Mwalimu mlezi akae nyuma. Anapojibu swali lililoulizwa kwa mwanafunzi, hata kwa huruma, anakuwa amelichukua jambo zima mikononi mwake.

Afrika Kusini ni mfano wa kuutazama kwa jicho pana, kwa sababu Sheria ya Shule ya mwaka 1996 iliwaweka wanafunzi wa kuanzia darasa la 8 ndani ya bodi za shule za umma kama wajumbe. Sheria hiyohiyo, kifungu cha 32, inasema mjumbe mwenye umri mdogo hawezi kuingia mkataba kwa niaba ya shule, wala kupiga kura katika azimio linaloibebesha shule au mtu mwingine dhima, naye mwenyewe habebi dhima kwa ujumbe wake. Kizuizi hicho kina mantiki. Hatari yake ni kwamba ni rahisi mwenyekiti mvivu kukitanua: kwa kuwa mwanafunzi hapigi kura kwenye zabuni, basi atoke nje bajeti ikijadiliwa. Kuzuiwa kura moja si kuzuiwa kusikiliza wala kuuliza. Mwanafunzi anayekwenda kwenye bodi anapaswa kwenda na nakala ya kifungu kinachomhusu, kwa maneno yake kamili, maana atakisikia kikinukuliwa kwa kumbukumbu.

Finland nayo, kwa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 2015, inaitaka kila manispaa iunde baraza la vijana na ihakikishe linaweza kufanya kazi. Ni hatua kubwa. Hata hivyo kiti kilichowekwa na sheria hakimlazimu aliyekaa pembeni yako akujibu, ndiyo sababu naona wajibu wa kujibu ni wa kupiganiwa kabla ya wajibu wa kuunda baraza jingine.

Jibu lina sura 3 tu: ndiyo, pamoja na tarehe na kifungu, hapana, pamoja na sababu, au sehemu ndiyo na sehemu hapana, kila moja na maelezo yake. "Tumelipokea na tutalifanyia kazi" halimo. Likija hilo, barua ya pili inakwenda ndani ya wiki moja ikiuliza swali moja: ni lipi kati ya hayo 3? Majibu yote yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa shule, hata ya hapana. Makubaliano haya yafanywe kabla wanafunzi hawajaanza kazi, na halmashauri au wizara isiyotaka kuyaweka kwenye maandishi imeshasema mengi. Shule isiwapotezee wanafunzi wake muhula.

Ni nani wawe wajumbe? Viranja wana kazi yao, ya kusimamia utaratibu kwa niaba ya utawala, na si haki kumtaka mtu huyohuyo asubuhi aandike waliochelewa, jioni awasemee. Uchaguzi wa kura unaleta wenye umaarufu na wenye kusema vizuri. Si vibaya, lakini anayetembea kilomita 6 kwenda na kurudi, mwenye ulemavu, na yule wa mstari wa nyuma asiyeongea hawatatokea hapo. Nusu ya viti ipatikane kwa kura ya siri, nusu kwa bahati nasibu kutoka orodha ya mahudhurio, kwa ridhaa ya aliyeangukiwa. Muda wa ujumbe uwe miaka 2, na kila mwaka nusu watoke. Wajumbe wote wakiwa wa kidato cha mwisho, siku ya mahafali hoja inahitimu pamoja nao.

Ulinzi wao nao usiachwe kwenye ahadi za mdomo. Uongozi wa shule utie saini barua kwamba hakuna adhabu kwa mwanafunzi aliyetoa takwimu za kweli kuhusu shule. Safari ziwe na watu wazima wawili na ridhaa ya wazazi, nauli na chakula vilipwe kabla, si kwa kurudishiwa, la sivyo watakwenda wenye uwezo pekee. Hakuna mwanafunzi aliyevaa sare kupanda jukwaa la chama chochote. Hili la mwisho litajaribiwa, hasa mwaka wa uchaguzi.

Kuna watakaosema utaratibu wote huu ni wa pole mno, na kwamba vijana hupata kitu wanapoingia barabarani. Chile inawapa hoja. Mwaka 2006 wanafunzi wa sekondari, walioitwa pengwini kwa sababu ya sare zao, walianza na nauli ya basi na ada ya mtihani wa kuingia chuo kikuu, wakafika mpaka sheria ya elimu iliyochapishwa rasmi mwaka 1990, siku moja kabla ya dikteta Pinochet kuondoka madarakani. Waligoma, wakashika shule, na serikali ikaunda baraza la ushauri lenye wajumbe zaidi ya 70, wanafunzi wakiwa wachache ndani yake. Mwaka 2009 sheria ile ikabadilishwa na nyingine. Mwaka 2011 wanafunzi walikuwa barabarani tena. Nadhani yafaa kuisoma historia hiyo pande zote mbili: mgomo uliifungua meza iliyokuwa imefungwa, na mezani penyewe idadi, tarehe na wajibu wa kujibu vikawa na uzito uleule vilivyo nao kwenye kamati ndogo ya vyoo. Walio wengi ndio wanaoandika muhtasari.

Turudi kwenye yale matundu 7. Tuseme siku ya 28 jibu limekuja. Matengenezo ya 3 yamekubaliwa na fundi atafika muhula huu. Ujenzi wa 4 umekataliwa, sababu ikiwa mpaka wa eneo la shule haujapimwa. Mwenye pupa atasoma hapo "hapana". Katibu wa baraza ataandika kwenye daftari la makabidhiano: anayepima mipaka ni idara ya ardhi, ombi la kupimiwa hupelekwa na bodi, bodi inakaa mwezi wa 2 wa muhula ujao, na wajumbe wanaobaki ni hawa. Kisha ataambatisha nakala yenye muhuri, na kwenye karatasi ya visanduku 12 atasogeza alama moja.